Njia ya Kwenda Kukwea Bisotun: Maswali ya Wasomaji kuhusu Safari ya Iran

Barua nne tulizozipokea kutoka Nakuru na magharibi mwa Kenya zimeuliza habari za nchi moja na jambo moja, yaani kusafiri kwa barabara hadi Iran kwa ajili ya kukwea miamba. Tumeamua kuzijibu pamoja katika toleo hili, na barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imebeba maswali mengi.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu kutoka Nakuru. Sisi ni marafiki watatu ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukikwea miamba ya Hell's Gate kila tupatapo nafasi, na tumewahi kufika kilele cha Nelion katika Mlima Kenya. Tumesikia sifa za ukuta wa Bisotun na mlima wa Alam Kuh, na tumeazimia kwenda huko kwa barabara, kwa kuwa mmoja wetu ana Land Cruiser ya dizeli ambayo bado ni nzima. Tunaomba utueleze njia ya kufuata, hati zinazotakiwa, wakati mwafaka wa kwenda, na kama safari yenyewe ni salama. Wakweaji watatu, Nakuru.

JIBU: Ndugu zangu, mmeuliza usalama mwishoni lakini mimi nitaanza nao, kwa sababu hayo mengine yote yanautegemea. Kuanzia tarehe 13 hadi 24 Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana vita, na Kermanshah, mkoa ulioko ukuta mnaoutamani, ni miongoni mwa sehemu zilizoshambuliwa kutoka angani. Mnamo Januari mwaka huohuo, wanandoa wa Uingereza waliokuwa wakizunguka dunia kwa pikipiki walikamatwa wakiwa safarini nchini humo. Na katikati ya vita vya Juni, kijana mwendesha baiskeli mwenye uraia wa Ufaransa na Ujerumani alikamatwa pia, akaja kuachiliwa Oktoba. Nawatajia hao kwa kuwa walikuwa wasafiri wa barabarani, wenye mizigo yao na ramani zao, kama mtakavyokuwa ninyi. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba msikate tiketi wala msimlipe mtu yeyote amana kabla ya kupata ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje jijini Nairobi na wa ubalozi wa Kenya ulioko Tehran, na kabla ya kuwasikia wakweaji wa Iran wenyewe wakisema kuwa barabara za magharibi zinapitika kwa amani. Safari kama hii huhitaji maandalizi marefu hata wakati wa utulivu, na muda huo wa kungoja mnaweza kuutumia vizuri, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu Land Cruiser, nawashauri iachwe nyumbani. Njia ya asili ya kutoka kwetu kwenda kaskazini hupitia Moyale, Ethiopia, Sudan na Misri, lakini Sudan imo vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023, na hakuna mtu mwenye busara atakayewaambia mpite huko na gari lililosheheni vifaa vya thamani. Kuvuka kutoka Djibouti kwenda Yemen nako ni kutoka kwenye moto na kuingia kwenye moto. Njia inayobaki ni ya bahari: kulipakia gari melini Mombasa, kulipokea katika Falme za Kiarabu, kisha kutafuta feri ya kuvuka Ghuba hadi bandari za kusini mwa Iran. Wapo wasafiri walioitumia njia hiyo, ila gharama yake inaweza kumeza fedha za safari nzima. Isitoshe, Iran haimruhusu mgeni kuingia na gari bila hati ya forodha ya kuvusha gari kwa muda, ile ambayo madereva wa safari ndefu huiita karnei. Kwetu hati hiyo hutolewa na AA Kenya, chama cha wenye magari, na mwombaji hutakiwa kuweka dhamana ya fedha ili gari lisije likauzwa ugenini bila ushuru. Mkishafika, mtakuta dizeli hutolewa kwa utaratibu wa kadi za magari ya mizigo, hivi kwamba mgeni hulazimika kumwomba dereva wa lori amsaidie kujaza tangi. Kumbukeni vilevile kuwa Wairani huendesha upande wa kulia wa barabara, nanyi usukani wenu uko kulia, na kulipita lori kwenye kona za milimani huku humwoni anayekuja ni hatari ambayo haina haja ya kuongezwa juu ya hatari za kukwea.

Safari ya barabara bado inawezekana, na ni nzuri, mkianzia Uturuki. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Istanbul, na kutoka Istanbul mabasi huvuka Uturuki yote, mwendo wa takribani kilomita 1,500, hadi mji mdogo wa Doğubayazıt ulioko chini ya Mlima Ararati wenye mita 5,137. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi mpaka wa Gürbulak, ambao upande wa Iran huitwa Bazargan. Visa ya Uturuki na visa ya Iran ziombwe mapema mkiwa bado Kenya. Ubalozi wa Iran uko Nairobi, na ni afadhali kumaliza maswali yote huko kuliko kuyakuta mpakani. Mbebe pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu mtu anayetoka nchi yenye ugonjwa huo anaweza kudaiwa kuionyesha, pamoja na bima ya safari iliyochapishwa kwenye karatasi.

Pale mpakani, mkaguzi atayafungua mabegi yenu, na akikuta kamba, vyuma na nyundo atataka maelezo. Pangeni vifaa vya kukwea katika begi moja linalofunguka kwa urahisi, na mwe na picha chache katika simu zinazowaonyesha mkiwa mwambani, kwa kuwa picha hueleweka hata lugha ikigoma. Ndege ndogo za kupiga picha zisifike huko kabisa, vivyo hivyo simu za setilaiti na redio za mawasiliano, hata kama mmezizoea mlimani. Msipige picha za kambi za jeshi, vituo vya polisi, madaraja wala mpaka wenyewe. Pombe ni marufuku nchini kote, na hilo halina mlango wa nyuma.

Kutoka Bazargan njia hupita Maku hadi Tabriz, ambako soko lake la kale lenye mapaa ya matofali ni urithi wa dunia tangu mwaka 2010, kisha Zanjan na Hamadan, na hatimaye kuingia Bisotun kutoka mashariki. Hamhitaji gari lenu kwa lolote kati ya hayo. Mabasi ya masafa marefu ya Iran ni miongoni mwa mambo mema ya nchi hiyo: yale ya daraja la juu yana viti vitatu tu kwa kila safu, hulaza mgongo vizuri, na sanduku lake la mizigo humeza begi la kamba bila shida. Kwa sehemu za mwisho, kodini gari dogo pamoja na dereva wake. Mtakutana pia na desturi ya adabu iitwayo taarof, ambapo dereva au mwenye duka hukataa malipo kwa maneno matamu. Mwombeni tena na tena apokee, na atapokea, maana kuondoka bila kulipa kungekuwa aibu kwenu.

Sasa niuseme ukuta wenyewe, kwa sababu ndio uliowasukuma kuandika. Bisotun uko kilomita 30 hivi mashariki ya mji wa Kermanshah, kando ya barabara kuu ya kale iliyounganisha Mesopotamia na uwanda wa juu wa Uajemi. Ni mwamba wa mawe ya chokaa, na sehemu zake ndefu hufika takribani mita 1,000 kwenda juu. Nyie mmezoea Fischer's Tower, ambao ni mnara wa mita 25 hivi, pamoja na nguzo za volkano za ukuta mkuu wa Hell's Gate, ambako mtu huingiza mikono katika mpasuko na kupanda kwa kujikaza. Chokaa haina tabia hiyo. Maji ya mvua huiyeyusha kidogo kidogo kwa karne nyingi, yakaacha vijishimo vya kuingiza vidole viwili au vitatu, kingo kali kama za bati lililokatwa, na mabapa laini ambayo mguu lazima uyaamini ingawa jicho halioni pa kukanyaga. Ngozi ya vidole huisha upesi zaidi huko, na kamba iliyoburutwa juu ya kingo hizo huchanika, kwa hiyo huwa nasisitiza kubeba mikanda mirefu ya kuinyoosha kamba ili isipinde kwenye kila pembe.

Chini ya ukuta huo kuna jambo ambalo mkweaji yeyote anapaswa kulitazama kabla ya kufunga mkanda wake. Mnamo mwaka 520 hivi kabla ya Kristo, mfalme Dario wa Kwanza wa Uajemi aliamuru ushindi wake uchongwe kwenye mwamba, juu sana ya barabara, kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Mchongo na maandishi yake vina kimo cha mita 15 hivi na upana wa mita 25. Dario amesimama na mguu wake umemkanyaga adui aliyelala chali, na mbele yake wako mateka tisa waliofungwa kamba shingoni, wa mwisho wao akiwa amevaa kofia ndefu iliyochongoka. Kuanzia mwaka 1835 afisa Mwingereza Henry Rawlinson alipanda kunakili maandishi hayo, akisimama juu ya ngazi iliyotegemezwa kwenye ukingo mwembamba, mkono mmoja umeshika daftari na mwingine kalamu. Sehemu ya Kibabeli ilimshinda, kwa kuwa ilikuwa juu ya mwamba uliobetuka nje. Mwaka 1847 kijana wa Kikurdi, ambaye jina lake halikuandikwa, ndiye aliyejitolea: alipigilia kigingi cha mbao katika ufa, akafunga kamba, akavuka ule mwamba mtupu kwa ncha za vidole vya mikono na miguu hadi upande wa pili, akapigilia kigingi kingine, na akiwa ananing'inia kwenye kiti cha kamba akakandamiza karatasi zilizoloweshwa juu ya maandishi ili yaache alama zake. Kutokana na kazi hiyo wataalamu waliweza kusoma lugha za kale za Mesopotamia. Mimi naamini kijana huyo astahili kutajwa na wakweaji kila panapotajwa Bisotun, hata kama hatuna jina la kumwita.

Mahali hapo paliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, na ni sharti mkae mbali kabisa na mchongo huo, mchongo wa Herakles ulioko chini yake, na ule uso mpana uliolainishwa na patasi ambao wenyeji humsimulia Farhad aliyechonga mlima kwa mapenzi ya Shirin. Njia za kukwea ziko sehemu nyingine za ukuta, na ni nyingi. Baadhi zina bolti, yaani vyuma vilivyokwisha kukazwa mwambani vya kufungia kamba, lakini nyingine zinamtaka mkweaji aweke vyuma vyake mwenyewe nyufani, na njia ndefu zinaweza kuchukua zaidi ya siku moja, maana yake mnalala juu. Ndiyo maana nasema msiende bila mwenyeji. Shirikisho la Iran la kupanda milima na kukwea miamba liko Tehran na linaweza kuwaunganisha na wakweaji wa Kermanshah, wanaojua ni wapi mawe huporomoka na ni wapi pa kuteremkia giza likiingia. Msidhani mtakuwa walimu wao. Reza Alipour, mzaliwa wa Qazvin, alipanda ukuta wa mashindano wa mita 15 kwa sekunde 5.48 mwaka 2017 akaweka rekodi ya dunia, na nyuma yake kuna taifa zima la watu ambao kila Ijumaa hujaza njia za milimani.

Wakati mzuri wa Bisotun ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba, kwa kuwa kiangazi huuchoma ukuta na majira ya baridi huleta theluji. Epukeni siku za Nowruz, mwaka mpya unaoanza karibu na tarehe 21 Machi, wakati nchi nzima iko barabarani. Mwezi wa Ramadhani nao ni mgumu kwa anayetumia nguvu mchana, kwa kuwa kula na kunywa hadharani hakuruhusiwi.

Alam Kuh nitaieleza kwa ufupi kwa sababu majira yake hayalingani na ya Bisotun, na anayejaribu kuyaunganisha yote mawili kwa safari moja hufika mahali pamoja kati ya hayo kwa wakati usiofaa. Una mita 4,850, ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Damavand, na ukuta wake wa kaskazini ni wa graniti wenye mita 800 hivi. Wajerumani wawili waliupanda ukingo wake mashuhuri mwaka 1936. Huendewa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, kupitia kijiji cha Rudbarak karibu na Kelardasht, kisha kibanda cha Sarchal. Kama mtachagua mmoja tu, chagueni Bisotun katika majira ya vuli, na njiani kurudi pitieni Pol-e Khab kwenye barabara ya Karaj kwenda Chalus, ambako kuna njia fupi zenye bolti za kupumzishia akili.

Mnapongoja hali itulie, kazi yenu ni kujifunza urefu. Nelion mliyoifikia inawafaa kuliko Hell's Gate, kwa kuwa inafundisha kubadilishana uongozi, yaani zamu ya kutangulia na kamba, kuokoa muda kila mnapofika kituo cha kufungia kamba, na kuteremka kwa kamba mkiwa mmechoka. Irudieni mpaka kila mmoja wenu awe anaweza kuongoza njia yote bila kuambiwa afanye nini.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, na nilianza kukwea kwenye mawe ya Seme, karibu na Kit Mikayi, kabla ya kuanza kwenda Naivasha na kamba. Wenzangu wa kiume wanazungumzia Iran na wananiambia mwanamke hawezi kukwea huko. Je, ni kweli? Mwalimu, Kisumu.

JIBU: Dada Mwalimu, si kweli. Wanawake wa Iran hupanda milima na hukwea miamba kwa wingi, na mwaka 2005 Farkhondeh Sadegh na Laleh Keshavarz walifika kilele cha Everest. Elnaz Rekabi amekuwa miongoni mwa wakweaji mashuhuri wa Asia kwa miaka mingi, na mnamo Oktoba 2022, aliposhindana jijini Seoul bila kufunika nywele, umati wa watu ulimpokea uwanja wa ndege wa Tehran usiku wa manane kwa shangwe.

Lakini tukio hilo hilo litakuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Sheria inamtaka kila mwanamke, awe mwenyeji au mgeni, afunike nywele na avae nguo pana zenye mikono mirefu hadharani. Mahsa Amini, binti wa Kikurdi kutoka Saqqez, alifariki tarehe 16 Septemba 2022 baada ya kukamatwa kwa sababu ya mavazi, na maandamano yaliyofuata yalikuwa makali hasa katika mikoa ya magharibi ambako Bisotun iko. Utawaona wanawake wa mijini wanaotembea kichwa wazi, na huenda wakakuambia hakuna tatizo. Wao wamechagua kubeba gharama ya uamuzi huo katika nchi yao, nami nawaheshimu sana. Mgeni akikamatwa hana jamaa wa kumsimamia wala lugha ya kujitetea, kwa hiyo nakushauri uvae kama sheria inavyotaka popote penye watu.

Kwa upande wa kukwea, mavazi hayo hayazuii kazi. Skafu nyembamba ya mviringo, ile inayovutwa kutoka shingoni hadi juu ya kichwa, hukaa vizuri chini ya helmeti na haina ncha zinazoning'inia. Hilo la ncha ulizingatie kwa makini: kitambaa kirefu kinachoingia ndani ya kifaa cha kuteremkia kamba hukivuta kichwa chako pamoja nacho, na hata nywele ndefu zimewahi kunasa hivyo. Shati la mikono mirefu linalofika chini ya nyonga litakaa juu ya suruali, na mkanda wa kukwea utafungwa juu yake. Mabegani na mikononi utashukuru, kwa sababu jua la kusini mwa ukuta halina huruma.

Jambo jingine ambalo wenzako wa kiume hawatalifikiria ni nyumba za kulala wageni, ambazo zinaweza kuuliza uhusiano wa mwanamume na mwanamke wanaoomba chumba kimoja. Mkiwa kundi la mchanganyiko, ombeni vyumba viwili tangu mwanzo. Ukiweza kwenda na mwanamke mwenzako, hata wa kutoka Eldoret au Nairobi, safari yako itakuwa nyepesi zaidi. Na ukifika, waombe wenyeji wakukutanishe na wakweaji wa kike wa Kermanshah, maana hao ndio watakaokukaribisha nyumbani kwao na kukuonyesha nchi ambayo wanaume wa kundi lenu hawataiona.

SWALI: Mwanangu wa kiume yumo katika hao wanaotaka kwenda Iran kukwea mawe. Mimi sijui habari za kamba, lakini nataka kujua atatumiwaje fedha akiishiwa, na akianguka nani atamchukua. Mama, Kakamega.

JIBU: Mama, shikamoo. Maswali yako mawili ndiyo ambayo vijana husahau kuuliza, na yote mawili yana majibu yanayowataka wajipange kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa sababu ya vikwazo vya kimataifa, kadi za benki zetu hazifanyi kazi Iran, iwe kwenye mashine za kutolea fedha au madukani. M-Pesa haifiki huko, na kampuni kubwa za kutuma fedha hazitamfikia. Kwa hiyo hutaweza kumtumia chochote kwa njia ya kawaida akiishiwa. Lazima aingie na fedha zote taslimu, euro au dola zisizochakaa wala kuandikwa kalamu, azigawe mwilini na katika mabegi, na awe na akiba ambayo haigusi isipokuwa kwa nauli ya kurudi Uturuki. Mwambie pia kuwa noti zimeandikwa kwa rial lakini watu hutaja bei kwa toman, na toman moja ni rial kumi. Anayesahau hilo hulipa mara kumi au hutoa sehemu ya kumi ya deni na kuonekana mhuni.

Akiumia mlimani, wanaookoa ni Hilali Nyekundu ya Iran, ambao nambari yao ya simu ni 112, na gari la wagonjwa huitwa kwa 115. Wana vikosi vya milimani vyenye uzoefu, lakini ukutani mwenye kukusaidia kwanza ni yule uliyefungwa naye kamba moja. Hospitali za miji mikubwa zina madaktari wazuri, ila zitataka malipo, na kadi yake haitasaidia. Mdai akuonyeshe karatasi ya bima kabla hajaondoka, nawe isome mwenyewe au usomewe na mtu unayemwamini, utafute mambo mawili: kwamba Iran imetajwa miongoni mwa nchi zinazolindwa, na kwamba kukwea miamba kwa kamba hakukuondolewa. Bima nyingi za wasafiri hukosa moja kati ya hayo, na nyingine hujitoa zenyewe pale serikali inapokuwa imetoa onyo la kutosafiri. Kama hana karatasi hiyo, Mama, una haki ya kumzuia, na mimi nitakuwa upande wako.

Akiwa huko, akubaliane nawe siku na saa za kupiga simu. Saa za Iran zinatangulia zetu kwa nusu saa. Mtandao wa simu nchini humo umewahi kuzimwa wakati wa vita na wa maandamano, kwa hiyo muwe na mtu wa tatu, pengine mwenyeji wake wa huko, ambaye nambari yake ya simu ya kawaida unayo wewe na ndugu zake.

SWALI: Ninaishi Eldoret na hukimbia kila siku. Je, mwinuko wa hapa kwetu utanitosha kwa Alam Kuh na Damavand bila kupoteza siku za kuzoea hewa? Mkimbiaji, Eldoret.

JIBU: Ndugu, hautoshi. Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi, na hiyo ni faida halisi mwanzoni, kwa kuwa utafika Tehran ukiwa na pumzi kuliko wageni wengi. Lakini mwili huzoea kimo ulichokaa, nao hauna habari za kimo usichowahi kulala. Alam Kuh iko chini kidogo ya Lenana, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, ilhali Damavand, ambao hutajwa kuwa na mita 5,609 au zaidi, unaipita hata Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, yenye mita 5,199. Tena karibu na kilele chake kuna matundu yanayotoa moshi wa salfa, ambao upepo ukiugeuza humkaba mtu ambaye tayari anahema. Wakimbiaji wako katika hatari ya pekee, kwa kuwa miguu yao huwapeleka juu haraka kuliko damu inavyoweza kujirekebisha. Kwa Alam Kuh, lala Sarchal, ulioko karibu mita 3,900, kwa usiku mbili au tatu huku ukipanda na kushuka mchana, kabla ya kugusa ukuta. Ukiamka na maumivu ya kichwa yasiyotulia kwa maji na mapumziko, au ukianza kupepesuka unapotembea, shuka siku hiyohiyo hata kama hali ya hewa ni nzuri na wenzako wamekwisha kufunga kamba.